Tuitunze Mashine ya Kikundi: Somo juu ya Mitambo ya Haidroliki

Somo letu safari hii ni la mashine, na tunajua wengine wakiona neno haidroliki watasema, "Hiyo ni kazi ya mafundi, si yetu." Tafadhali msifunge ukurasa. Kama kikundi chenu kina jeki, au presi ya kukamua alizeti inayosukumwa na jeki, au mashine ya kufyatua matofali ya udongo na saruji yenye injini, au trela ya trekta inayojiinua na kumwaga mchanga, basi haidroliki mnayo tayari. Na ikiharibika, hasara haiendi kwa fundi. Inakuja kwenu.

Tumeandika somo hili kwa sababu ya jambo tuliloliona kwa macho yetu. Akina mama wa kikundi kimoja cha mashambani walituletea pampu ndani ya gunia. Walikuwa wamesafiri usiku kucha, wakashuka pale Machakos Country Bus, wakatufikia huku Eastlands asubuhi wakiwa wameibeba kama mtoto mgonjwa. Mashine yao ya matofali, iliyonunuliwa kwa harambee na mkopo, ilikuwa imekosa nguvu. Walikuwa wamepewa oda ya matofali ya madarasa mawili. Fundi wa huko kwao aliifungua chini ya mwembe, akaiosha kwa mafuta ya taa ndani ya karai la saruji, akaifunga siku hiyo hiyo. Ilifanya kazi siku nne, halafu ikafa kabisa.

Tuliwapeleka Kariobangi Light Industries. Wanaopajua wanajua kelele za pale: huku wanakata vyuma, kule wanachomelea, na vumbi la Outer Ring Road linaingia bila kubisha hodi. Kibanda cha kwanza tuliambiwa, "Mama, acha hapa, urudi jioni." Cha pili fundi alianza kugonga ile pampu kwa nyundo kabla hata hajauliza shida ni nini. Cha tatu tulimkuta mzee mmoja ambaye hana hata kibao cha jina mlangoni. Alimwagia maji sakafu ili vumbi litulie, akafunga mlango wa upande wa barabara, akatandika karatasi safi juu ya meza, akanawa mikono kwa sabuni. Ndipo akafungua, sisi sote tukiangalia.

Akamwambia mwenyekiti, "Mama, pitisha ukucha hapa." Mama akapitisha. Ukucha ukakwama kwenye mikwaruzo. "Si kazi iliyofanya hivi," mzee akasema. "Hii ni mchanga."

Pampu haikupona. Ilibidi kununua nyingine. Oda ya madarasa ikaenda kwa watu wengine, na mkopo ukabaki palepale. Mengi ya somo hili tulifundishwa na yule mzee siku hiyo, na mengine tumeyapata kwa kutembelea vikundi.

Kwanza tuelewe mashine inafanyaje kazi, maana ukijua hilo huwezi kudanganywa. Mafuta hayabonyeki kama hewa. Ukiyasukuma upande mmoja wa chombo kilichofungwa, yanasukuma kila upande kwa presha ileile. Jambo hili lilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, na mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah akapata hataza ya presi iliyotumia ujuzi huo. Jeki ya gari unayoijua ni mjukuu wa presi hiyo.

Tufanye hesabu. Tuseme jeki ina pistoni ndogo yenye upana wa sentimita 1 na pistoni kubwa ya sentimita 4. Upana ni mara 4, lakini eneo la uso wake ni mara 16. Ukisukuma ile ndogo kwa nguvu ya kilo 150, kubwa inainua kilo 2,400, yaani zaidi ya tani mbili. Na hizo kilo 150 si lazima uwe Samsoni. Mkono wa jeki ni wenzo, ukiwa unazidisha nguvu mara 10 basi wewe unabonyeza kilo 15 tu. Malipo yake ni kwamba unapampu mara nyingi na mzigo unapanda kidogo kidogo.

Sasa shikeni sehemu hii ya hesabu, maana ndiyo yenye hatari. Katika jeki hiyo ndogo, presha ya mafuta inafika karibu kilo 190 kwa kila sentimita moja ya mraba. Tairi ya gari dogo ina karibu kilo 2. Kwa hiyo ndani ya kile chuma kidogo mna presha ya karibu mara 90 ya tairi. Mashine ya matofali yenye injini hufanya kazi na presha kubwa namna hiyo pia. Si kila mashine ya matofali ni ya haidroliki, lakini. Ile ya mkono ya Makiga inayotengenezwa hapa Nairobi huvutwa kwa wenzo mrefu. Ile ya injini ya Hydraform kutoka Afrika Kusini ndiyo yenye pampu, mipira na silinda. Hata hivyo udongo ni ule ule, na vumbi ni lile lile.

Turudi kwa vumbi. Unywele wa kichwa chako una unene wa karibu sehemu 7 za mia za milimita moja. Ndani ya pampu, nafasi kati ya chuma na chuma inaweza kuwa sehemu moja ya mia, au hata chini ya hapo. Kwa hiyo vumbi ambalo macho hayalioni linatosha kabisa kuingia katika nafasi hiyo na kukwaruza. Mkwaruzo ukishatokea, mafuta yanapita pale badala ya kusukuma, mashine inalegea, na vile vipande vya chuma vilivyokwaruzwa vinazunguka na mafuta vikienda kukwaruza kwingine. Ndiyo maana ile pampu ilifanya kazi siku nne kisha ikafa. Haikuharibika siku ya nne. Iliharibika siku ile ya karai.

Kwa hiyo kazi ya kufungua mtambo huanza kabla ya spana. Zima injini. Teremsha silinda mpaka chini, au kama haiwezi kushuka, iwekee kigogo imara cha kuizuia. Halafu sukuma ile mikono ya kuendeshea huku na huku mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, ili presha iliyobaki ndani iishe. Wengi husahau hapo. Wanafikiri injini ikinyamaza na presha imenyamaza. Kisha osha mashine kwa nje, hasa kuzunguka viungo mtakavyofungua, na iache ikauke.

Kila tundu likifunguliwa lizibwe mara moja. Zamani tulikuwa tunafunga kwa mfuko wa nailoni na kamba, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, basi nunueni vile vizibo vya plastiki vya kazi hiyo. Msizibe kwa kitambaa kinachotoa nyuzi. Tumewahi kuona uzi wa sweta ndani ya vali, na siku mbili zilipotea kuutafuta.

Mipira ya presha, ambayo mafundi huiita hosi, ndiyo inayoleta maneno mengi. Ukinunua, soma maandishi yaliyo juu yake: yanaonyesha presha inayoweza kubeba, na mara nyingi robo ya mwaka na mwaka iliyotengenezwa. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani. Ukiwa Kirinyaga Road au Industrial Area, usione haya kuuliza na kusoma kabla ya kulipa. Mpira wa maji au wa gesi ya kupikia hauwezi kazi hii hata kidogo, na kichwa cha mpira hubanwa kwa mashine maalum, si kwa klipi na bisibisi. Mtu akikuambia, "Hii klipi mbili zitashika tu," mwambie asante, uende kibanda kingine.

Wakati wa kuufunga, angalia ule mstari wa maandishi. Ukiwa umenyooka, mpira umekaa vizuri. Ukizunguka kama nyoka aliyejikunja kwenye mti, mpira umesokotwa, na presha itajaribu kuusokotoa kila siku mpaka upasuke. Uache uwe mrefu kidogo kuliko kipimo, maana ukipata presha unaweza kujivuta na kuwa mfupi. Usiukunje kwa ghafla karibu na kichwa. Na usiache usugue chuma. Mpira uliosuguliwa mpaka nyaya za ndani kuonekana ni wa kutupa, hata kama hauvuji.

Viungo navyo vina meno ya namna mbalimbali. Kuna ya Kiingereza, ya Kimarekani na ya milimita, na kwa macho yanafanana kama ndugu. Anza kuzungusha kwa mkono mitupu. Kama hakiingii mizunguko miwili au mitatu kwa vidole, simama. Usimalizie kwa spana ndefu. Kiungo kinachoziba kwa ringi ya mpira au washa hakitaki utepe mweupe wa mafundi wa maji. Utepe hukatika na kuingia kwenye vali. Tunajua utepe huo unapendwa sana, lakini hapa unaharibu.

Sili ni hizi ringi za mpira zilizo ndani ya silinda. Ile yenye mdomo huelekezwa upande presha inakotoka; ikigeuzwa, mafuta yatapita kana kwamba hakuna kitu. Ipake mafuta safi ya haidroliki kabla ya kuiingiza, na msiitie kwa ncha ya bisibisi, maana alama ndogo tu ni njia ya mafuta.

Tukija kwa mafuta yenyewe, kuna kosa moja ambalo tumelikuta mara nyingi kuliko yote: kutia mafuta ya breki ndani ya jeki au mashine. Fundi anasema, "Mama, oili ni oili, zote zinasukuma." Si kweli. Mafuta ya breki ya kawaida ni ya namna nyingine kabisa, na zile sili zilizotengenezwa kwa mafuta ya haidroliki huvimba na kulainika zikiguswa nayo. Mashine itafanya kazi wiki chache mkashangilia, halafu kila mahali paanze kuvuja. Oili chakavu ya injini nayo msithubutu. Tumieni mafuta ya haidroliki ya namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine; namba zinazotumika sana ni 46 na 68, na 68 ni mazito zaidi. Kama kitabu kilipotea, muulizeni aliyewauzia mashine kabla ya kumwaga chochote.

Na hata mafuta mapya kutoka kwa pipa si safi vya kutosha. Yapitishwe kwenye filta. Mkebe wa kumiminia uwe na kifuniko na usiwe na kazi nyingine. Tumewahi kuona ule ule unapimia maziwa asubuhi. Kipimo cha mafuta kwenye tangi kichukuliwe silinda ikiwa imeteremka na kurudi ndani. Ukijaza silinda ikiwa nje, ikirudi mafuta yatafurika.

Mafuta yana lugha yake, na mama au kijana yeyote anaweza kuisoma bila kwenda chuo. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, yameingia maji. Yakitoa povu, pampu inavuta hewa mahali, mara nyingi kwenye mpira unaotoka tangini kwenda kwa pampu, au mafuta yamepungua. Yakiwa meusi na kunuka kuungua, mashine inapata joto kupita kiasi. Pampu ikilia kama inayosaga kokoto, simamisha mara moja. Inakosa mafuta au inavuta hewa.

Mkishafunga kila kitu, msianze na tofali. Washeni bila mzigo, silinda iende na kurudi pole pole mara kadhaa ili hewa itoke, kisha pimeni mafuta tena na kuongeza.

Kuna skrubu moja ya kuangaliwa kwa jicho kali. Ni ile ya vali ya usalama, inayoruhusu mafuta kurudi tangini presha ikizidi. Mashine ikilegea, kuna wanaoikaza ili "kuongeza nguvu". Mashine haikulegea kwa sababu ya skrubu hiyo. Mara nyingi imelegea kwa pampu iliyokwaruzwa au sili iliyochoka. Ukiikaza unafunga mlango wa kutokea presha, na presha itajitafutia mlango mwingine: mpira, kiungo, au silinda yenyewe. Isiguswe bila geji na bila kitabu.

Sasa tunafika mahali ambapo tunaomba mtu asome kwa sauti, na wasiojua kusoma wasikie vizuri.

Kijana wa kikundi kimoja tunachokitembelea aliona mvuke mwembamba ukitoka kwenye mpira wakati mashine inafanya kazi. Akapitisha kidole kutafuta tundu. Aliona kidoti kidogo tu, kama kuumwa na mbu, hata damu haikutoka vizuri. Akaendelea na kazi. Jioni kidole kikawa na ganzi, usiku kikaanza kuuma. Alienda zahanati, akapewa dawa ya maumivu na bandeji, kwa sababu yeye mwenyewe alisema amechomwa na kitu. Siku ya tatu mkono ulikuwa umevimba mpaka kiwiko. Tulipofika naye hospitali kubwa, daktari wa upasuaji aliuliza swali moja tu: "Ilikuwa ni presha?" Kidole kilikatwa. Mkono uliokolewa, tunashukuru.

Ule haukuwa mvuke. Yalikuwa mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kuliko sindano, kwa presha ile tuliyoihesabu hapo juu. Yanapenya ngozi, yanatambaa ndani ya mkono, na yanaua nyama polepole wakati nje panaonekana pazima. Kwa hiyo msitafute kamwe mahali panapovuja kwa mkono, hata ukiwa na glavu. Chukua kipande cha katoni, kishike kwa mbali na kijiti kirefu, vaa miwani, upitishe katoni hapo. Mafuta yatajionyesha juu yake. Kisha zima injini, toa presha, ndipo ukaze. Kiungo hakikazwi mashine ikiwa inaendelea.

Na mtu akipatwa, hata akisema haumii, aende hospitali yenye upasuaji saa hiyo hiyo. Msingoje kesho. Msikande, msifunge kwa nguvu. Aseme maneno haya bila kuyapunguza: "Mafuta ya mashine yameingia ndani ya ngozi kwa presha." Beba jina la mafuta hayo kwenye karatasi. Tumeona kwamba maneno hayo tu ndiyo yanayomfanya mhudumu aache bandeji na kumwita daktari.

Tuongeze neno fupi juu ya jeki. Jeki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Ukishainua gari au trela, weka stendi au magogo imara kabla mtu hajaingia chini. Sili ya shilingi chache ikikatika, haikupi taarifa.

Tunakiri pia kosa letu sisi tulio ofisini. Miaka ya nyuma tulisaidia vikundi kupata mashine, tukapiga picha, tukala kuku, tukaondoka, na hatukukaa nao kupanga filta na mafuta ya mwaka wa pili yatatoka wapi. Mashine kadhaa zimesimama chini ya mabati kwa sababu hiyo. Siku hizi tunafanya hesabu na kikundi kabla ya kununua. Tuseme mnafyatua matofali 400 kwa siku, siku 20 kwa mwezi. Mkitenga shilingi moja tu kwa kila tofali, mna shilingi 8,000 kila mwezi kwa ajili ya mafuta, filta na mipira. Fedha hizi ziwe na daftari lake, zisichanganywe na za mazishi au za kuzungushiana, maana zikichanganywa tunajua zitakwenda wapi.

Kuwe pia na daftari la mashine. Kila siku aliyeitumia aandike kipimo cha mafuta, kama kuna panapovuja, na masaa iliyofanya kazi. Wawili wafunzwe kuitunza, si mmoja, na mmoja wao awe mwanamke. Vijana wetu wa kiume hupata kazi Nairobi na kuondoka na ujuzi wote kichwani. Mkimleta fundi, wawili hao wakae naye mpaka mwisho. Fundi anayekataa kuangaliwa akifanya kazi, muulizeni kwa heshima ni kwa nini.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Mashine yetu ilifunguliwa mara ya mwisho mahali gani, na nani alikuwepo?
2. Mafuta yaliyo ndani yake sasa ni namba gani? Nani anajua, na imeandikwa wapi?
3. Twendeni pamoja tuangalie kila mpira wa presha. Upi umesokotwa, upi unasugua chuma, upi ni wa zamani kuliko wote?
4. Mtu akichomwa na mafuta saa kumi jioni hapa kwetu, hospitali ya upasuaji iliyo karibu ni ipi, tutampeleka kwa gari la nani, na nauli itatoka mfuko gani?